Mchakachuaji anakijua kipimo chako kuliko unavyodhani

Kuna kitu nimekiona sana kwenye hizi kazi za ubora wa chakula na leo nataka tukiongee kwa kirefu, maana naona mitandaoni kila ikisikika maziwa yana maji au asali ina sukari watu tunalaani tu basi tunapita, wala hatukai chini tukaelewa mchezo wenyewe unachezwaje. Kitu chenyewe ni hiki: mtu anayechakachua chakula hamuwazi sana mlaji, anakiwaza kipimo. Anajua pale mzigo unapopokelewa kuna kifaa gani, hicho kifaa kinaangalia nini, na zaidi ya yote anajua hakiangalii nini, alafu anachanganya mambo yake kwa namna ambayo kifaa kitasema poa pita. Wewe na mimi tunaokuja kula mwisho wa safari hatumsumbui, ulimi haujawahi kumfunga mtu.

Ukishaliona hilo mambo mengi yanakaa sawa kichwani. Anakuja mwanasayansi na kipimo, mchakachuaji anakisoma anatafuta upenyo, anakuja mwanasayansi mwingine anaziba ule upenyo, yule naye anahamia kwingine, na ndivyo ilivyo mpaka leo tunavyoongea. Na katikati ya huo mvutano wapo watu ambao hawajachakachua chochote ila kipimo kinawaita wezi. Hao ntawafikia, na kwa kweli hao ndo wananiuma zaidi.

Tuanze na maziwa maana kila mtu anayajua.

Kituo chochote cha kukusanyia maziwa huku kwetu, iwe Tanga, Njombe au Kilimanjaro, hata ukivuka ukaenda Kiambu na Nyandarua kwa ndugu zetu Wakenya, silaha ya kwanza mezani ni laktomita. Ni kile kichupa chembamba cha kioo, chini kizito, juu kina shingo yenye namba. Unamimina maziwa kwenye silinda, unakitumbukiza, kinaelea, unasoma namba pale uso wa maziwa ulipofika. Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa, yakiwa na joto la nyuzi 20, yanasoma kati ya 26 na 32 hivi, yaani uzito wake ni 1.026 mpaka 1.032 ukilinganisha na maji ambayo ni 1.000. Ukiongeza maji namba inashuka. Ni kifaa cha bei nafuu, hakitaki umeme, na kijana yeyote makini unamfundisha asubuhi moja anakijua.

Sasa piga hesabu na mimi hapa. Chukua lita 9 za maziwa mazuri yanayosoma 30, ongeza lita 1 ya maji. Tisa mara 1.030 ni 9.27, jumlisha 1 unapata 10.27, gawa kwa 10 ni 1.027. Laktomita inasoma 27. Yanapita! Asilimia kumi ya maji na kifaa kimenyamaza, kwa sababu ng'ombe wanatofautiana na ilibidi waliopanga viwango waache nafasi ya kutosha, na ile nafasi ndo mlango. Na kuna ule mwingine wa zamani zaidi ambao wazee wa biashara ya maziwa wanaujua vizuri, wa kuengua mafuta kwanza. Mafuta ni mepesi, ukiyatoa maziwa yanakuwa mazito na namba inapanda, alafu unaongeza maji namba inarudi palepale ilipokuwa. Umeuza samli pembeni, umeuza maji kama maziwa, na laktomita haina la kukwambia.

Ndo maana maabara zikahamia kwenye kuangalia maziwa yanaganda kwa nyuzi ngapi. Maji yanaganda kwenye sifuri, maziwa yanaganda chini kidogo ya hapo, karibu na 0.54 chini ya sifuri, kwa sababu ya sukari na chumvi zilizoyeyuka ndani yake, na hicho kiwango mwili wa ng'ombe unakilinda sana, hakiyumbi kama uzito unavyoyumba. Mafuta hayahusiki kabisa hapo, kwahiyo ule ujanja wa kuengua umekufa. Ukiweka yale maji ya asilimia kumi namba inapanda kuelekea sifuri mpaka 0.49 hivi, na mashine inayopima mpaka sehemu ya elfu ya nyuzi inaona waziwazi. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe inataka umeme na fundi na pesa, kituo cha kijijini kinabaki na kile kichupa.

Na hicho kichupa kinaweza kumuonea mtu. Nilishuhudia kwenye kituo kimoja mama mtu mzima ameletwa na bodaboda na keni yake ya alumini, kijana wa mapokezi akachovya laktomita palepale, ikasoma 25, akasema kwa sauti, watu wote kwenye foleni wanasikia, "mama haya yana maji." Yule mama akabaki ameshika mfuniko. "Mwanangu, nimekamua mwenyewe saa kumi na moja, maji nimeyatoa wapi mie?" Nikamuomba kijana kipimajoto, tukaweka, nyuzi 30. Maziwa yalikuwa bado yana joto la ng'ombe na la njiani, na kitu cha moto huwa chepesi, kwahiyo kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2 kwenye namba uliyosoma. Nyuzi 10 za ziada ni 2. Ile 25 ni 27, maziwa mazima kabisa. Kijana hakuwa na roho mbaya jamani, hakuna aliyemfundisha kusahihisha joto, na kipimajoto kilikuwa kwenye droo. Yakapokelewa, lakini foleni nzima ilishasikia neno maji, na kijijini neno kama hilo haliondoki kirahisi.

Sasa twende China, kwa sababu kilichotokea kule 2008 ndo ushahidi mkubwa kuliko wote wa hiki ninachosema.

Huko viwanda vilikuwa vinanunua maziwa ya wafugaji wadogo kupitia vituo vya madalali, na vilikuwa vinaangalia protini. Inaonekana ni busara, si ndio? Ukiweka maji protini inashuka, basi pima protini. Ila protini yenyewe ilikuwa inapimwa kwa njia aliyoitengeneza Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg pale Copenhagen, mwaka 1883, alipokuwa anashughulika na nafaka za kutengenezea bia. Unachemsha sampuli kwenye asidi kali ya salfa mpaka kila kitu kinavunjika, naitrojeni iliyokuwemo inageuka amonia, unaipima hiyo, alafu unazidisha kwa namba maalumu, kwa maziwa ni 6.38, unapata protini. Njia nzuri sana, imetumika zaidi ya miaka mia na bado inatumika. Ila ukiangalia vizuri haijapima protini, imepima naitrojeni ikaamini kwamba hiyo naitrojeni imetoka kwenye protini.

Melamini ni kitu cha kutengenezea sahani ngumu za plastiki na gundi za mbao. Theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Gramu moja ya melamini kwenye kile kipimo inahesabika kama gramu 4 na zaidi za protini. Ni poda nyeupe, ya bei rahisi. Mtu aliyeiweka kwenye maziwa yaliyotiwa maji alikuwa anaijua kemia ya yule anayempima, alikuwa anajibu swali aliloulizwa. Waliulizwa naitrojeni, wakaleta naitrojeni.

Septemba 2008 kampuni ya Sanlu ya Shijiazhuang ikatangaza kurudisha maziwa yake ya unga ya watoto wachanga. Malalamiko yalikuwa yameanza kuingia toka mwisho wa 2007. Melamini ndani ya figo za mtoto inatengeneza vijiwe, na mtoto mchanga chakula chake ni hicho kimoja, asubuhi maziwa, mchana maziwa, usiku maziwa, kwahiyo dozi inajirundika. Watoto karibu 300,000 waliathirika, zaidi ya 50,000 walilazwa hospitali, vifo 6 vilitambuliwa rasmi. Uchunguzi ulipopanuliwa melamini ikakutwa kwenye bidhaa za makampuni 22. Mwenyekiti wa Sanlu, Tian Wenhua, akahukumiwa kifungo cha maisha 2009, na watu wawili wa kwenye mnyororo wa ile poda na yale maziwa wakauawa kwa hukumu ya kifo mwaka huohuo. Hata huku kwetu Tanzania na Burundi zilikuwa kwenye nchi zilizopiga marufuku maziwa ya China wakati ule, wazazi wa umri wangu mtakumbuka ile hofu madukani.

Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba onyo lilikuwepo. Mwaka 2007 mbwa na paka wa Marekani walikufa kwa figo, ikagundulika chakula chao kilikuwa na unga wa protini ya ngano kutoka China uliotiwa melamini. Ujanja uleule, kipimo kilekile, naitrojeni ileile. Mtu mmoja tu kwenye mamlaka yoyote angeuliza "ni vyakula gani vingine tunavipima kwa Kjeldahl na kuvilipa kwa protini?", jibu lingekuja haraka sana, na jibu ni maziwa. Hilo swali halihitaji hata maabara, linahitaji karatasi na kalamu. Baada ya maafa ndo mashine za kutafuta melamini yenyewe zikasambaa, na 2010 Codex, lile shirika la viwango vya chakula la kimataifa, likaweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo kwenye maziwa ya unga ya wachanga.

Kwahiyo kuna aina mbili za kutafuta. Moja unatafuta kitu unachokijua, unauliza kipo au hakipo. Hiyo ina nguvu sana ila inajibu ulichouliza tu. Ya pili unauliza je hiki kitu kinafanana na kitu chenyewe cha kweli? Hiyo ndo inahitaji data nyingi, maana lazima uwe na picha kamili ya cha kweli kikoje kabla hujasema hiki sicho.

Mfano wa kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza ni Ireland. Mamlaka yao ya usalama wa chakula ilichukua sampuli madukani mwisho wa 2012 ikazipeleka kupima DNA, na tarehe 15 Januari 2013 ikatangaza: baga 27 za ng'ombe zilipimwa, 10 zina DNA ya farasi, 23 zina DNA ya nguruwe. Nyingi zilikuwa ni chembechembe kidogo sana za kwenye mashine zinazotumika pamoja, ila baga moja iliyokuwa inauzwa Tesco nyama ya farasi ilikuwa asilimia 29.1 ukilinganisha na ya ng'ombe. Mwezi uliofuata Uingereza wakakuta lazanya zilizoandikwa ng'ombe ambazo nyama yake ilikuwa farasi mpaka asilimia mia. Ulaya nzima ikatikisika. Na nyama ilikuwa inapimwa siku zote, bakteria wanapimwa, mafuta yanapimwa, joto la friji linarekodiwa, ila hakuna aliyekuwa anauliza huyu ni mnyama gani.

Afrika nako hilo swali liliulizwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka huohuo 2013 walitoa matokeo ya bidhaa 139 za nyama, soseji, nyama ya kusaga na biltong (nyama ya kukaushwa), na asilimia 68 zilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo. Wamo punda, mbuzi, nyati maji, nguruwe. Kwa sisi watu wa pwani ambao halali na haramu ni jambo la imani, hii si habari ya bei tu. Mtu amekuwa makini maisha yake yote alafu mwenye kiwanda anamlisha asichokijua, hiyo ni dhuluma ya aina yake na sidhani kama faini inaifidia.

Hapa sasa data inaingia, na siongelei kompyuta kubwa. Naongelea bei. Pale ambapo vitu viwili vinafanana kwa macho na bei zinapishana sana, uchakachuaji utakuja, ni suala la lini. Sisi Watanzania tulilisoma hili darasani kwa vitendo enzi za mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kodi kubwa, basi watu wakawa wanachanganya na injini zinakufa barabarani. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ikaanzisha vinasaba 2010, kitu kinachowekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili kituo kikikaguliwa ijulikane kama yamechanganywa, ikasaidia, alafu 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mpaka ile faida ya kuchanganya ikayeyuka. Najua aliyeumia ni anayewasha kibatari, na hilo sikubaliani nalo mpaka kesho, ila somo la pale ni kwamba jedwali la bei lilitosha kutabiri wizi utatokea wapi. Ukiwa na bei za kila wiki, na kumbukumbu za bandarini za nini kimeingia na nini kimetoka, unaweza kujua kesho upeleke wapi sampuli zako chache. Nchi ikisema imeuza tani nyingi kuliko ilizozalisha na ilizoagiza, huhitaji darubini.

Manjano ya Bangladesh nayataja kwa furaha kwa sababu ni moja ya mara chache tulizoshinda. Kule manjano yalikuwa yanapakwa kromati ya risasi (risasi hapa ni ile metali, lead kwa Kiingereza) ili yang'ae njano ya kupendeza, na risasi ni sumu ya ubongo, mtoto anapoteza akili asiyoweza kurudishiwa. Watafiti wa Stanford na taasisi ya icddr,b ya Dhaka walikuwa wanashangaa wajawazito wa vijijini risasi ya kwenye damu inatoka wapi, hakuna viwanda, hakuna magari mengi. Risasi ina isotopu zake, ni kama alama ya vidole ya chanzo chake, wakalinganisha iliyo kwenye damu na iliyo kwenye vitu vyote nyumbani, ikaangukia kwenye manjano. 2019 serikali ikaingia sokoni na kifaa cha XRF, kinashikwa mkononi kama bunduki, unakielekeza kwenye gunia kinakusomea risasi palepale mbele ya mwenye gunia na mbele ya kamera za runinga. Wafanyabiashara wakapigwa faini hadharani. Kabla ya hapo asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi, kufika 2021 ilikuwa sifuri.

Mimi naona kilichofanya kazi ni vitu vilivyokutana: wakulima na wasagaji walielezwa kwamba ni sumu (wengi walidhani ni rangi tu ya kupendezesha), kipimo kilikuja sokoni badala ya sampuli kwenda maabara na kukaa miezi, na jibu lilitoka siku hiyohiyo. Naomba sana Zanzibar na bara tulione hili, maana viungo vya kusaga vinauzwa kila kona na anayesaga hajulikani.

Haya, asali. Hapa ntakaa kidogo.

Kwanza tuondoe vile vipimo vya WhatsApp. Kiberiti kuchovya kwenye asali kikiwaka ni halisi, tone kwenye glasi ya maji likizama bila kutawanyika ni halisi, karatasi isipolowa ni halisi, sisimizi wasipoisogelea ni halisi, ikiganda ni feki. Hakuna hata kimoja kinachokupa jibu. Vingi vya hivyo vinaangalia uzito na unyevu, na sukari iliyopikwa ikawa nzito itavipita vyote bila jasho. Hicho cha kuganda ndo kinawaumiza warina asali wa kweli, maana asali halisi nyingi inaganda yenyewe kwa sababu ya glukosi, mteja anairudisha akisema umeniuzia sukari. Mkulima wa watu ana asali safi kabisa, anabaki nayo.

Kipimo cha kweli cha kwanza kilichokuwa na meno kinatumia kaboni. Mimea mingi inayochanua maua ya nyuki inakula kaboni ya hewani kwa njia moja, ila miwa, mahindi na mtama wanatumia njia nyingine, na zile njia mbili zinaacha kiwango tofauti cha kaboni nzito, kaboni 13. Kwa lugha ya maabara asali ya kawaida iko karibu na minasi 25, sukari ya miwa iko karibu na minasi 11. Ukichanganya, namba inasogea. Alafu wakaongeza akili juu yake: ndani ya asali kuna protini kidogo ambayo huyo mchakachuaji hakuiweka yeye, ukipima kaboni ya ile protini na ya asali nzima zikapishana zaidi ya moja, kuna sukari ya miwa au mahindi kuanzia asilimia 7 hivi. Kila asali inajilinganisha na yenyewe, haihitaji kulinganishwa na ya Ujerumani. Mimi hiki kipimo nakipenda sana kwa hilo. Na sukari tunayoipata kirahisi huku Afrika Mashariki ni ya miwa, kwahiyo kwa soko letu la ndani bado kina kazi kubwa.

Wale wakubwa wa biashara ya dunia walishahama kitambo. Wakachukua sirapu ya mchele na ya biti, mimea ya njia ileile ya maua, kaboni haipishani, kipimo kinasema safi. Umoja wa Ulaya ulipopima sampuli 320 za asali iliyoingia kutoka nje, 2021 mpaka 2022, kwa kutumia vipimo vipya vya kutafuta alama za sirapu, 147 zilitiliwa shaka, yaani asilimia 46. Uchunguzi wao wa kabla ya hapo, 2015 mpaka 2017, ulikuwa umekuta asilimia 14. Sidhani kama watu waliharibika mara tatu kwa miaka mitano, nadhani sehemu kubwa ni kwamba safari hii waliuliza maswali ya karibuni zaidi.

Na sasa mashine inayopendwa ni ya NMR, sumaku kubwa inayosoma molekuli zote za sampuli kwa pamoja inatoa mchoro, kompyuta inaulinganisha na maelfu ya michoro ya asali halisi iliyohifadhiwa, inasema hii ni ya mshita wa Hungary au hii sijui ni nini. Hapo kwenye "sijui ni nini" ndo roho yangu inaposimama. Hiyo maktaba ina asali ya nani? Ikiwa asali ya miombo ya Tabora na Katavi, ya maua ya miti ya mtundu na myombo, iliyorinwa kwenye mzinga wa gome ikapata moshi kidogo, haimo au imo kwa chupa mbili tatu, kompyuta itaona kitu cha ajabu, na kwenye biashara ya ajabu na feki adhabu yake ni moja, kontena linarudi. Zaidi ya hapo maktaba nyingi za namna hii ni mali ya makampuni, huwezi kuifungua ukaangalia wewe umewekwa wapi. Ni yule mama wa keni tena, safari hii anahukumiwa na mashine iliyo Ulaya.

Hata viwango vilivyoandikwa vina hili. Codex inataka unyevu wa asali usizidi asilimia 20. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo huku inauzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa na bibi zetu wanaitunza kama dawa, kwa asili yake mara nyingi inazidi hapo. Kwenye karatasi inasomeka kama imetiwa maji. Na 2020 watafiti wa Australia wakaonyesha kwamba asali ya nyuki wasiouma ina sukari inaitwa trehalulosi kwa wingi ambayo asali ya kawaida haina, kwahiyo hata kipimo cha sukari kitaiona ni mgeni, wakati hiyohiyo trehalulosi ingeweza kuwa ndo alama ya kuthibitisha kwamba ni yenyewe! Inawezekana kurekebisha mambo haya, kwenye HMF, ile kemikali inayoongezeka asali ikipata joto, Codex iliruhusu asali ya nchi za joto ifike miligramu 80 kwa kilo badala ya 40. Kuna aliyepeleka data akasikilizwa.

Kwahiyo ninachokitaka ni maktaba yetu wenyewe. TBS, shirika letu la viwango, wana jukumu la chakula toka 2019 lilipotoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara, vyuo vyetu vina vijana wanaotafuta mada za utafiti, na FAO na IAEA, mashirika ya kimataifa ya chakula na ya nishati ya atomiki, wana maabara ya pamoja Seibersdorf, Austria, inayofundisha nchi zinazoendelea hizi mbinu za isotopu. Mashine za gharama zinaweza kukodiwa au kushirikiana na Kenya na Uganda. Kisichoweza kukodiwa ni sampuli za kweli zenye historia inayojulikana, mzinga upi, msitu upi, mwezi upi, zikichukuliwa kila msimu kwa miaka, kwa sababu mvua ikichelewa maua yanabadilika na asali inabadilika nayo, na maktaba ya mwaka mmoja itawaita waongo watu wa mwaka unaofuata. Na iwe ya wazi, mrina asali wa Sikonge akikataliwa kontena aweze kuuliza amelinganishwa na nini.

Hilo linaanza kabla ya mashine yoyote. Vikundi vya Sikonge, Manyoni, Kitui, Baringo, kama tayari mnaandika tarehe za kurina, ongezeni kwenye daftari mti uliokuwa umechanua wiki hizo na joto mlilohifadhia, alafu kila msimu wekeni pembeni chupa moja ndogo ya kioo iliyojaa mpaka juu, yenye namba ya mzinga, mahali pa giza na baridi.